Kompyuta Ilikuwa Yake

Jumatatu gazeti hili liliandika, chini kabisa ya ukurasa wa ndani, kwamba wananchi wenye hasira wa Kinondoni wamemuua mtu anayedhaniwa kuwa mwizi, aliyekutwa na kompyuta ya wizi. Nilisoma huku nakunywa chai, nikageuza ukurasa. Jioni ndipo nikaambiwa marehemu ni nani. Nilimfahamu. Alikuwa mkazi wa Mtoni, mtu wa miwani na suruali ya kitambaa, karani aliyepunguzwa kazini shirika lao la umma lilipouzwa. Kwa kiinua mgongo wenzake walinunua majokofu ya kuuzia barafu. Yeye alinunua kompyuta iliyokwishatumika.

Ndani yake mlikuwa na programu ya kutengenezea kurasa za intaneti, ya kizamani kiasi kwamba vijana wa duka la intaneti la Kinondoni, tulikokuwa tukikutana, waliicheka waziwazi. Kazi yake ukiihamishia kwenye mashine nyingine kwa disketi, picha zilitoweka na maandishi yakageuka vibokisi. Nyumbani hakuwa na simu ya waya ya kuunganishia intaneti. Kwa hiyo kila alipotaka kubadilisha neno kwenye ukurasa wake, ambao ulihusu familia yake na kuku wake basi, alilibeba begani lile boksi zito kutoka Mtoni. Siku moja nilimkuta anahema, shati limelowa chapachapa. Nikamuuliza kuna nini cha haraka hivyo.

"Jogoo," akasema. "Nimeandika yupo. Hayupo, tumemla siku ya Idi."

"Sasa nani atasoma, braza?"

"Yeyote. Uongo umekaa pale na jina langu juu yake, mie silali."

Nilicheka mpaka watu wakageuka.

Jumamosi aliyouawa alishuka kituoni akakata njia katikati ya nyumba ambako hakuna aliyemjua. Aliyenisimulia ni mama mmoja anayekaanga maandazi pale kona. Mtu alipiga ukelele mmoja tu, "Mwizi wa kompyuta!" na mtaa mzima ukatoka. Angeitupa akakimbia, labda angepona. Aliikumbatia. "Ya kwangu jamani! Niulizeni! Niulizeni!" Tofali la kwanza lilivunja miwani, la pili likavunja taya, na baada ya hapo hakuweza tena kuulizwa kitu. Wakampiga kwa nondo, wakamvisha tairi, wakammwagia petroli. "Waliompiga mie nawajua," mama yule aliniambia. "Watu wa kuswali, wateja wangu. Walikuja kunawa mikono hapa hapa bombani kwangu, wakaagiza chai."

Nina hasira, na sitaificha. Zamani tulipanga foleni ya sukari tukijua kila mtu ana nini nyumbani kwake, yaani hana. Sasa maduka yamefunguliwa, redio na televisheni zimejaa mpaka vibarazani, kila dirisha limetiwa nondo, na mtu wa kawaida akipita na kitu kizuri tunaamini lolote isipokuwa kwamba ni chake.

Msibani mkewe, kichanga mkononi, aliniambia marehemu alikwenda kubadilisha nini. Ukurasa unasema, "Tunatarajia mtoto." Mtoto ameshazaliwa. Akaniomba jambo moja: gazeti liandike kwamba mumewe hakuwa mwizi, maana huyu atakua, na wenzake watamwambia. Nikaenda kwa mhariri.

"Habari imeshapita, braza," akasema. "Nani ataisoma tena?"

Swali lile niliwahi kuliuliza mimi.

Mtu yule alivuka jiji na chuma begani kwa ajili ya jogoo. Sisi wenye mitambo inayochapa kila siku tunaona uzito kuinua kalamu kwa ajili ya mtu. Anayeandika uongo, hata kwa kupitiwa, mzigo wa kuurekebisha ni wake, asomwe au asisomwe. Safu hii ni yangu, na leo naitumia hivi: aliyeuawa Kinondoni hakuwa mwizi. Kompyuta ilikuwa yake. Mtoto amezaliwa, ni wa kike.