Nilienda Kutoa Uvimbe Mgongoni, Vipimo Vikasema Kuna Anayeniua

Nilimpa mke wangu talaka kwa sababu ya kikopo cha mkojo.

Najua umecheka. Cheka sasa hivi, maana huko mbele hutacheka.

Naitwa Adinani. Ni fundi cherehani hapa Tabora mjini, naishi Gongoni. Haya mambo yana miaka mitatu sasa, na sijawahi kuyasimulia yote kwa mtu mmoja.

Mgongoni, chini ya bega, nilikuwa na uvimbe. Ulianza kama punje ya karanga ukafika kama yai la kuku. Hauumi, ila ukiinamia cherehani kutwa nzima unakera.

Daktari akaubonyeza, akasema ni mafuta tu.

"Kazi ya nusu saa. Unaingia asubuhi, mchana uko kwako. Ila kwanza tupime damu na mkojo."

"Dokta, si unakata tu? Mimi mzima."

"Wanaosema hivyo ndio wanaonitisha. Nenda maabara."

Maabara nikamkuta dada mmoja anaitwa Yustina. Akanifunga mpira mkononi, akachoma, akajaza vichupa vyake, akaniwekea pamba.

"Bana hapo dakika tano."

Nikabana, nikaenda chooni na kikopo.

Aisee.

Nyumbani tunatumia choo cha shimo, kina giza. Sikuwahi kuutazama mkojo wangu. Siku ile niliuona juani, ndani ya kikopo cheupe. Ulikuwa na wekundu wa juisi ya rosela iliyotiwa maji mengi.

Nikarudi nacho kwenye dirisha la maabara. Yustina hakutazama kikopo. Alikuwa anatazama sakafu nyuma yangu.

Matone ya damu. Kutoka mlango wa choo mpaka niliposimama.

"Kaka, ulibana kweli?"

"Nilibana."

Akabana yeye. Dakika kumi. Akabadilisha pamba. Dakika ishirini. Mwanzo alikuwa ananitania tania, sasa anatazama saa tu. Mtu wa maabara akiacha utani anatisha kuliko sindano.

Majibu yalipotoka nikaitwa ndani. Nikakuta madaktari wawili wanaangalia karatasi moja.

"Unatumia dawa za kuzuia damu isigande?"

"Hapana."

"Za kienyeji je?"

"Hapana."

"Fizi zinatoa damu ukipiga mswaki?"

"Wiki ya pili hii."

Akaniambia nishushe suruali. Mapajani nilikuwa na mabaka meusi. Mimi nilidhani najigonga kwenye meza ya kukatia vitambaa.

"Adinani, damu yako haigandi. Ningekupasua leo usingetoka mle ndani." Akaweka karatasi mezani. "Hali hii nimeiona kwa watu waliokula sumu ya panya. Kidogo kidogo, kila siku. Nani anakupikia?"

"Mke wangu."

"Naye anakula chakula hicho hicho?"

"Ndiyo."

"Basi mlete apimwe leo hii."

Ndugu yangu, mimi nilisikia swali moja tu. Nani anakupikia.

Nikalazwa. Sindano, dripu, na plazma, yale maji ya damu yanayosaidia kugandisha. Nimelala natazama dari, na maneno ya Mwanajuma, mke wangu, yananirudia. Wiki moja kabla aliniambia, "Baba Tausi, moyo wangu haukitaki hicho kisu. Acha tu."

Nilipoyasikia mara ya kwanza yalikuwa mapenzi. Pale kitandani yakawa kitu kingine.

Dada yangu Anifa akafika. Hawakuwahi kupikika chungu kimoja na wifi yake. Nikamweleza.

Akashika mdomo. "Alikukataza usije hospitali? Adinani, wewe umelala na mtu gani miaka yote hii?"

Ile kauli ilinimaliza.

Mchana Mwanajuma akaingia wodini na hotipoti. Ugali na mlenda. Amevaa kanga yake ya kutokea, anatabasamu kwa wasiwasi.

"Baba Tausi, wameniambia umelazwa, kuna nini?"

"Mpango wako umefeli."

"Mpango gani?"

"Wa kuniua. Damu yangu ina sumu. Na wewe ndiye unayenipikia."

Alisimama tu. Nakumbuka hakulia. Alishika ukingo wa kitanda, akasema polepole, "Mume wangu, hata mimi nina..."

"Nyamaza! Nimekuacha. Talaka moja. Nenda kwenu."

Mwanajuma akafunika hotipoti yake, akatoka.

Yustina alikuwa mlangoni na vichupa mkononi. "Kaka, daktari alisema huyo mama apimwe."

"Anaenda kwao," nikamjibu.

Polisi sikwenda, kwa ajili ya binti yetu Tausi aliyeko shule ya bweni. Nilijiona nina huruma kweli kweli.

Nikakaa wodini siku kumi. Nikatoka na vidonge vya miezi kadhaa, maana sumu ile ikishaingia mwilini haitoki haraka. Anifa alikuwa ameshahamia kwangu siku ile ile Mwanajuma alipoondoka. Anapika, anafua, anasimulia majirani. Mtaani kote ikajulikana kwamba Adinani kaponea chupuchupu.

Wiki ya tatu, Anifa anafagia uani, pua ikaanza kutoka damu.

Tukamwinamisha. Tukambana pua. Maji ya baridi. Saa moja, saa mbili. Kanga mbili zikalowa chapachapa.

Nikamkimbiza hospitali. Yustina akamchoma, akatazama ile pamba, akanitazama mimi.

Daktari yule yule akatoka na karatasi. "Dada yako ana tatizo lako. Wewe unalindwa na vidonge tu. Huyu anapikiwa na nani?"

"Anajipikia mwenyewe."

"Na mkeo yuko wapi?"

"Kwao, Sikonge. Wiki ya tatu."

Akavua miwani. "Basi mpishi hana kosa. Unga mnatoa wapi?"

Nilirudi nyumbani kama nimemwagiwa maji ya barafu. Stoo kulikuwa na gunia la mahindi limebaki robo. Nikalimwaga lote uani.

Katikati ya punje nyeupe zilikuwemo punje zenye wekundu uliofifia. Si nyingi. Ukipita haraka huzioni.

Nikakaa chini.

Nina shamba Isikizya. Msimu mmoja panya walitumaliza kule. Nikanunua dawa nyekundu, nikachanganya na debe la mahindi, nikatawanya kwenye stoo ya shambani. Panya wakafa, mahindi yenye dawa yakabaki. Nikayazoa nikayatia kwenye gunia, nikalifunga, nikalisimamisha pembeni. Nikasema kesho nitayafukia.

Kesho yake wateja wa sare za shule wakanijaa. Nikasahau. Miezi ikapita. Baadaye nikamiminia mahindi mengine juu yake, nikalileta gunia nyumbani, nikawa napakia kidogo kidogo kwenye baiskeli na kupeleka mashineni. Kila mara mimi. Mwanajuma hakujua kama dawa ile iliwahi kuingia ndani ya nyumba yake.

Aliyekuwa ananiua ni mimi.

Halafu ndipo neno lake la wodini likanipiga. Hata mimi nina...

Nikampigia simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Nikapanda gari mpaka Sikonge mjini, pale nikachukua pikipiki, tukaingia njia ya vumbi katikati ya misitu ya miombo. Dereva akaniuliza kama naenda msibani. Nikamwambia aongeze mwendo.

Baba yake, Mzee Bundala, alikuwa amekaa mbele ya nyumba anafunga kamba mzinga wa nyuki.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Aliendelea kufunga kamba yake.

"Umekuja kuzika?" akaniuliza.

Nikaingia bila kukaribishwa. Mwanajuma alikuwa kwenye godoro, midomo myeupe kama chaki. Damu yake ya mwezi ilikuwa siku ya kumi na tatu haijakata. Mama yake alimpa mizizi ya kila aina. Hospitali alikataa kwenda.

"Kwa nini ulikataa?" nikamuuliza huku nalia.

"Niende nikaambiwe nina sumu?" Sauti ilikuwa ndogo sana. "Ungesema nimeila mwenyewe ili nijifiche. Siku ile nilitaka kukuambia hata mimi nina damu kwenye mkojo, Baba Tausi. Nilikuja unisaidie kuogopa."

Nikatoka mbio kutafuta gari.

Tukapata pikapu ya kubebea asali. Tukamlaza nyuma, kichwa chake mapajani mwa baba yake. Mzee hakutaka nimshike. Njia nzima nilikaa kwenye ukingo wa bodi nahesabu pumzi zake.

Hospitali wakasema inahitajika damu haraka. Nikanyoosha mkono.

Daktari akautazama, akatikisa kichwa. "Yako haimfai mtu kwa sasa."

Mzee Bundala akatoa. Na Yustina, asiye ndugu wala jirani, akavua koti lake jeupe, akalala kitandani, akatoa.

Mwanajuma alipona, akarudi kwao. Anifa naye alipona, na tangu siku hiyo akiingia kwangu huanza kwa kupiga magoti mbele ya wifi yake. Ule uvimbe wangu ulikuja kutolewa baadaye, baada ya vipimo viwili vya damu. Dakika thelathini kweli.

Kabla eda haijaisha nikaenda Sikonge kuomba kumrejea. Mbele ya baba yake, Mwanajuma akasema, "Sheria inakuruhusu. Nitarudi. Ila usinitake niwe yule wa zamani."

Nilidhani ni maneno ya hasira, yatapoa.

Siku ya kwanza aliyorudi alipika wali na kuku. Akanipakulia. Kisha kabla sijanawa, akamega tonge kwenye sahani yangu, akala. Akatulia akinitazama machoni. Akameza.

"Kula sasa, hakina kitu."

Miaka mitatu. Kila mlo. Nimembembeleza, nimelia, nimemwita shekhe aseme naye. Anasikiliza kwa heshima, na jioni anamega tonge langu kwanza.

Ukitumwa kupima damu na mkojo kabla ya kupasuliwa, pima, hata kama ni kijipu. Dawa ya panya usiiweke hata siku moja karibu na chakula. Na daktari akikwambia umlete mwenzio apimwe, mlete kabla hujamhukumu.

Maabara ilisema kuna sumu. Jina la mke wangu nililiandika mwenyewe.