Tulizunguka vilele vinne, Mwangi akatafuta kwao akapakosa

Wakuu wa bweni, na nyinyi wadogo mnaosoma kwa kuchungulia chini ya kwapa za wakuu, hamjambo.

Ni mimi Kiroboto. Najua mkiona mwandiko wangu mnaanza kucheka kabla ya kusoma. Niliwahi kuandika hapa kwamba mpishi wetu hapiki maharagwe, huyaonyesha moto tu kisha anayaleta mezani. Ile niliongeza chumvi. Hii ya leo sijaongeza hata punje, na maskauti wote ni mashahidi.

Kwa wageni wa Form One: huu ndio uzi wetu. Ni kamba ya katani, mwenye jambo anaangika karatasi, mwenye jibu anabana yake chini. Mwalimu wa zamu akiingia, ni kamba ya kuanikia soksi.

Haya.

Jumamosi Mwalimu Elija alitutoa kwenda kuzunguka vile vilima vya upande wa Ithanga. Lori ya mkonge ilitubeba kutoka Thika, ikatutupa chini kabisa. Mpango ulikuwa hivi: unapanda cha kwanza, unafuata migongo mpaka cha nne, unashuka, unajikuta pale pale ulipoanzia.

Nikauliza, "Mwalimu, kama tunarudi hapa hapa, si tungekaa tu tujingoje?"

Nikabebeshwa sufuria kubwa.

Mnajua tangu Emajensi, hii hali ya hatari ya serikali, ianze hakuna mtu anatembea bila karatasi. Mwalimu alikuwa na cheti kimoja chenye majina yetu yote, amekitia mfuko wa shati akafunga kifungo. Kila tukipumzika anakipapasa. Tukiwa na cheti sisi ni maskauti. Bila cheti sisi ni kitu kingine.

Vilima tulivipa majina yetu wenyewe. Cha kwanza tukakiita Kidevu, kwa sababu kina vichaka vya miiba kama ndevu za Mwalimu siku ya Jumatatu. Hapo juu unaona Kilimambogo na nchi ya Wakamba. Kila mtu akaanza kuonyesha kwao. Mimi kwetu ni kambi ya kahawa Ruiru, haionekani hata kwa dawa, basi nikaonyesha wingu moja nikasema ndilo letu, na ng'ombe wetu yuko ndani.

Sasa kuhusu Mwangi. Ni yule mrefu wa kitanda cha dirishani, yule mpole. Likizo iliyopita hakwenda nyumbani kwa kukosa ruhusa ya kusafiri, akabaki hapa kulima shamba la shule. Baba yake askari walimchukua wakampeleka kambi ya kizuizini. Nyumbani amebaki mama na mtoto mdogo, Wairimu. Wakuu, huyu jamaa hapendi skauti hata kidogo. Aliingia kwa sababu alisikia kutoka kilele cha pili unaona kwao, ng'ambo ya mto.

Alama yake ilikuwa mikaratusi miwili ambayo baba yake alipanda langoni. Si mnajua sisi watu wa matuta, hii migongo ya vilima, nyumba zetu zote ni duara na nyasi, ukiwa mbali huwezi kujua hii ni ya nani. Lakini mti wa langoni kwao hata kipofu anaujua.

Kilele cha pili tukakiita Kipara. Ni mwamba mtupu. Akala zangu za tairi ziliteleza, mimi na sufuria tukashuka kwa makalio, mlio wake nadhani ulifika Makongeni.

Mwangi alitangulia wote. Tukamkuta amesimama juu, anaangalia ng'ambo.

Kulikuwa na moshi. Si mmoja, mingi, kwenye tuta lao lote.

Nikasema, "Wee Mwangi! Leo kwenu kuna harusi na hukutualika! Ona mama yako amewasha kila jiko!"

Tulicheka. Mwalimu alicheka. Mwangi mwenyewe alicheka, akaomba darubini ya Mwalimu.

Akaangalia. Akaifuta kwa shati. Akaangalia tena.

"Sioni mikaratusi," akasema.

"Umeishika kinyume, wee mrefu. Lete."

Nikaangalia mimi.

Mahindi yalikuwepo, kijani kabisa. Katikati ya mahindi kulikuwa na duara nyeusi, hapa moja, pale moja, kama mahali mtu ametua vyungu vya moto juu ya majani. Miti ilikuwa chini. Duara zingine bado zilikuwa zinatoa moshi. Na huko chini kwenye tambarare niliona mapaa mapya, safu kwa safu kama vitanda vya bweni hili, na handaki limezunguka, kama vile vijiji vya Emajensi vya kuhamishia watu.

Mwalimu akanipokonya darubini, akaangalia kidogo tu, akapapasa mfuko wake.

"Tuendelee," akasema.

Cha tatu ni Meno. Huko hata mbuzi anaomba Mungu kwanza. Tulitambaa kwa mikono na magoti, mawe yanakata, hakuna aliyelia wala kujisifu. Kutoka Meno unaona barabara ya kwenda kwa yale mapaa. Ilikuwa na watu. Wamebeba vitanda, milango, magunia, kuku.

Mwangi alikaa na darubini mpaka macho yakawa na alama mbili nyekundu.

"Wote wameinama, Kiroboto," akaniambia. "Nitamjuaje?"

Halafu akasimama akaita, "Maitũ!" Mama. Akaita kwa nguvu zake zote. Pimbi wakakimbilia mapangoni. Mlima ukamrudishia, mara moja, basi.

Akaweka mkoba chini, akaanza kushuka upande usio wetu.

Mwalimu alimdaka mshipi.

"Mwangi, mtoto wangu. Kule kuna watu wenye bunduki na hawakujui."

"Mama yuko peke yake, Mwalimu."

"Wakikukuta bila karatasi hutamfikia."

"Jina langu liko kwa cheti."

"Cheti kinasema tuko pamoja."

"Basi kata pale palipo na jina langu. Nipe hicho kipande niende nacho."

Wakuu, alisema kwa adabu, kama mtu anayeomba kalamu. Mwalimu akageuka, akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Kipande cha karatasi si karatasi," akasema. "Wangekuua nacho mkononi."

Mwangi akaokota mkoba wake.

Cha nne hakina hata jina. Hakuna aliyekumbuka kukipa. Ukiwa hapo Meno imeziba ng'ambo yote, unaona mkonge tu. Mwangi alitembea wa mwisho, na mimi nikatembea nyuma yake ingawa sikutumwa.

Akaniambia bila kugeuka, "Kiroboto, sema kitu."

"Kitu gani?"

"Kile chako. Cha kuchekesha."

Nikafungua mdomo. Upepo ukaingia. Mimi, ambaye nimewahi kumchekesha kasisi katikati ya sala, nilitafuta kila mahali nikakosa hata kimoja. Tukashuka hivyo hivyo mpaka kwenye majivu ya chai yetu ya asubuhi. Kweli tulirudi pale pale.

Funzo langu ni dogo: ukiona moshi kwa mwenzako, uliza kwanza, ndipo ucheke.

Sasa michango, wakuu. Wengi wenu mna shangazi ng'ambo ile, au mnajuana na wauza mkaa na wanawake wa maziwa wanaopita Kamenu. Waulizeni. Anatafutwa Wanjikũ, mama yake Mwangi. Ni mfupi, ana pengo la jino la mbele, anaongea haraka. Pengine ana mtoto mgongoni. Prefect ukisoma hii, hapa hakuna siasa, ni mama ya mtu.

Jibu lolote bana hapa chini, hata kama ni "nilimwona kwa mbali." Mwangi hupita kabla ya uji, anasoma kila karatasi, hata zile za soksi zilizopotea.

Utani msibane. Hata huo wangu wa mpishi nimeushusha.