Ukuta wa Shangazi Francisca wa Rangi ya Chai

Shangazi yangu Francisca wa Nyabusozi akipenda kitu, nyumba nzima hailali. Mwaka huu alipenda rangi.

Binti yake Wema ndiye aliyemwonyesha kwenye simu picha ya sebule ya mjini. Kuta si nyeupe, si nyekundu, zimepoa kama chai yenye maziwa mengi.

"Hii ndiyo naitaka," Shangazi akasema. "Nyeupe, watoto wataimaliza kwa mikono. Nyekundu, ukiingia sebuleni unadhani uko jikoni."

Kwetu rangi tunachimba. Akachukua ingwa, ule udongo mweupe wa bondeni, akachanganya na udongo wa kichuguu na jivu kidogo. Akawa anapaka kiganja kimoja hapa, kingine pale, anasubiri vikauke, maana udongo mbichi ni mwongo. Jirani yetu Kezia, ambaye nyumba yake ina rangi ya kijani ya dukani, akapita.

"Mama Wema, ukuta umepata mabaka?"

"Ukuta unachagua nguo, jirani. Wako ulivalishwa na mwenye duka!"

Lakini alikuwa na hofu moja. Jumamosi wakwe, Wasukuma wa Kaniha, walikuwa wanaleta mahari ya Wema. Siku ya mahari ya Zita, dada yake Wema, wageni waliegemea ukuta wakainuka na migongo myekundu, wakapita hivyo njia nzima. Mpaka leo watu wanawaita "wale wa mgongo". Shangazi akaapa kwamba safari hii rangi haitoki kwenye nguo ya mtu.

Sisi huwa tunatia uji wa muhogo kidogo ili udongo ushike. Yeye akatia sufuria nzima, na chumvi juu yake.

"Mama, huo sasa si ukuta, ni chakula," Wema akasema.

"Nyamaza, bibi harusi."

Akapaka nyumba nzima, ndani na nje. Ilipokauka, jamani! Tulikuwa tunatoka nje bila kazi, ili tuingie tena.

Jumamosi akafika mzee Malongo, baba wa bwana harusi, na ng'ombe wake. Kati ya nguo zote za dunia, amevaa shati jeupe. Akakaa barazani, akaegemea. Shangazi akamwambia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, lakini macho ya Shangazi yalikuwa begani kwa mgeni.

Mara tukasikia krr, krr, krr pembeni ya nyumba.

"Yooo!" Kezia akapiga kelele. "Ng'ombe wa mahari wanakula nyumba!"

Kweli, walikuwa wamejipanga wanalamba ukuta, hata ndama. Mzee Malongo akaruka na fimbo yake kwenda kuwafukuza, na sisi sote tukamtazama mgongo. Mweupe! Hata doa hakuna!

Shangazi akapiga vigelegele. Mzee akasimama, akashangaa: kona ya nyumba inaliwa, mwenye nyumba anashangilia.

"Mkwe, kulikoni?"

"Mgongo wako, mkwe! Geuka tena tuuone!"

Mzee akageuka, akageuka tena kama anacheza ngoma, bila kujua sababu, wenzake wakampigia makofi. Halafu akapitisha kidole ukutani, akaonja.

"Ina chumvi," akasema. "Mkwe, hawa hawarudi tena Kaniha."

Mahari tukaipokea hivyo hivyo, tunaivuta mkia itoke ukutani.