Koo la Msemaji

Jamani, mke wangu amenikataza kuwasimulia hiki kisa, maana kila nikikisema watu wanacheka weee, halafu mwishoni wananyamaza, na mimi nabaki na aibu yangu mbichi kama siku ile ile.

Ilianza na ndama. Ndama wangu alikufa asubuhi moja bila hata kuugua, na shemeji yangu, aliyekuwa anakwenda Nemba kutafuta mbegu za mahindi, akaniambia huko kuna mpiga ramli anayeona mambo, twende. Mimi ni msomaji wa Biblia kwenye jumuiya yetu ya kanisa hapa Nyakisasa, ramli siamini, ila nina ugonjwa wa kutaka kujua (mtu akichungulia shimo, na mimi lazima nichungulie), nikasema naenda kushangaa tu. Yule bwana akatikisa kibuyu chake, akanitazama, akasema, "Ni mwanamke. Mlango wake unatazama mlango wako. Anacheka na wewe." Nikatoka pale nikimcheka, lakini kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimeshampata mchawi wangu: Mama Odilia, mjane wa ng'ambo ya barabara. (Barabara yetu nzima milango inatazamana, na nani asiyecheka na mimi? Hilo sikuliwaza kabisa.)

Sasa sikilizeni. Haukupita muda, wakaja wageni kutoka Nyamahanga kumposa Odilia, na kwa kuwa baba yake ni marehemu, msemaji wa familia nilikuwa mimi. Chungu cha rubisi kikawekwa katikati, pombe ya ndizi aliyoitengeneza Mama Odilia mwenyewe, na kama ilivyo kwetu akaonja yeye kwanza ili kila mtu aone ni salama, kisha akanikabidhi mimi mrija niwafungulie wageni. Yule mpiga ramli akanijia kichwani. Nikawa najiambia siamini, siamini, huku midomo imebana mrija, mashavu nimeyabonyeza kama mtu anayevuta kweli, nikamaliza kwa "aaah" nzito ya kuridhika.

Mzee mmoja wa upande wa mwanamume (ana macho yule!) akasema taratibu, "Msemaji, mbona koo halitembei?"

Nikajichekesha, nikapaliwa na mate yangu mwenyewe, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, na watu wote wakanitazama.

"Baba Yohana," Mama Odilia akaniuliza, "nimekukosea nini?"

Ningeweza kusema jino linauma. Ningeweza kusema nimeacha pombe. Mdomo wangu ukasema, "Ndama."

"Ndama gani?"

Ikabidi nieleze yote, ndama, Nemba, mlango, mbele ya katekista wetu aliyeketi kando yangu, na kadiri nilivyoeleza ili yaonekane ni upuuzi ndivyo yalivyozidi kuonekana ya kweli. Yule mzee akasogeza kiti nyuma. "Kama jirani anaogopa chungu cha humu, sisi wageni tunywe kwa ujasiri gani?" Hapo nikapandwa na wazimu, nikaukamata mrija, nikavuta, nikavuta mpaka chungu kikafika nusu, nikasimama niwaonyeshe kwamba niko hai, nikayumba, nikamwangukia katekista. Wageni wakaaga kwa adabu zote. Kutoka chumba cha ndani nikamsikia Odilia analia, na kilio kile sijakisahau.

Tangu siku hiyo jambo hili nalipindua huku na huku. Yule mpiga ramli hakumjua Odilia wala mama yake, hakutaja jina la mtu, hakumgusa mtu. Mimi nasema siamini. Sasa aliyeamini ni nani? (Na ndama alikufa kwa nini, mpaka leo sijui.) Mama Odilia nimemwomba radhi mbele ya jumuiya nzima, amenisamehe, lakini wale wa Nyamahanga hawajarudi, ingawa nasikia kijana mwenyewe bado anamtaka binti. Kwa mpiga ramli sikanyagi tena, hata kwa kushangaa.

Ila kinachonisumbua zaidi ni majirani. Wote walinisikia nikikiri kwamba ni uongo, na wote hawatumi tena watoto wao kwa Mama Odilia kuomba moto. Juzi nikamuuliza mama mmoja kwa nini, akanishangaa.

"Aa, Baba Yohana, mambo hayo sisi hatuyaamini," akasema. "Tunajihadhari tu."