Watoto wa Mosi Januari

Wifi yangu hakuweza kusikia habari yoyote bila kuuliza, "Kabla au baada?" Ukimwambia umegombana na mumeo, ambaye ni kaka yake, haulizi mmegombania nini. "Kabla ya kula au baada?" Mume wangu alimwita Bi Kabla hadi mwisho.

Alitunza kanzidata ya utafiti hospitalini, katika chumba chembamba chenye feni ya kelele na kiti alichokifungia mto kwa kamba. Humo kwenye kompyuta zilikaa habari za watoto wenye kifafa: dawa walizotumia, maradhi yaliyowapata. Binti yangu alikuwa mmoja wao. Dawa moja ya maji ndiyo pekee iliyomtuliza.

Mwaka mmoja daktari wa utafiti alituita wazazi. Kompyuta imeonyesha, alisema, kwamba watoto wengi macho yao yaligeuka manjano baada ya kuanza dawa ile. Huenda ikasimamishwa. Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi.

"Wifi, watamnyang'anya mtoto dawa."

"Nani kasema baada?"

"Kompyuta."

"Kompyuta inacheua ulichoilisha, mama. Kaa, unaniziba feni."

Akatafuta humo tarehe za kuanza dawa, kisha akacheka.

"Njoo uone. Kundi zima hili limeanza dawa mosi Januari. Zahanati gani hiyo ilifunguliwa mwaka mpya?"

"Labda kulikuwa na sherehe."

"Sherehe ya vijiko!"

Wengi walianzishiwa dawa kwingine, na mama zao walikumbuka mwaka tu. Kompyuta ilikataa kuhifadhi mwaka usio na siku na mwezi, kwa hiyo makarani walijaza siku ya kwanza ya mwaka ili kazi isonge. Macho kugeuka manjano kulikuwa na tarehe halisi, maana damu ilipimwa hapohapo hospitalini. Basi dawa iliyoanza Agosti ilionekana kutangulia ugonjwa wa Machi.

Yeye na daktari wakawapigia simu akina mama. Hawakuuliza tarehe. Waliuliza kama dawa ilianza macho yakiwa yameshageuka. Hilo hakuna mama aliyelisahau. Wakatengeneza pia nafasi ya kuandika "kati ya mwezi huu na ule", na kompyuta ilipoulizwa upya, karibu wote walikuwa wameugua kabla. Dawa ikabaki.

Sijui kushukuru kwa maneno. Nilimpelekea mto mpya wa kiti. Akasema nimemtukania mto wake.

Alipougua yeye, nilishinda naye wodini. Jioni ile alihema kwa tabu, mkono wake mwepesi juu ya shuka. Nikamwambia siendi popote, nalala hapahapa. Akanisukuma goti kwa vidole.

"Nyanyuka, wifi. Mtoto hajanywa dawa, na kaka yangu kijiko kinamshinda."