Dorotea Mbele ya Majembe

Saa moja asubuhi, Jumamosi, na Barabara ya Bustani hapa Mwanza imekwisha kuchangamka. Kikundi cha bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, kinasonga kando yake kikilima kwa mstari, majembe juu, majembe chini, ngoma ikihimiza. Mbele yao, akitembea kinyumenyume, yupo mwanamke aliyejifunga kitenge kiunoni.

Akiinua mkono, ngoma inanyamaza na majembe yanasita angani. Walimaji wanauzunguka mche mmoja wa mjakaranda, kisha ngoma inaanza tena.

"Leo sitaki mchezo," anasema Dorotea Mhoja, mtunza bustani wa mji. "Wakinikatia hata mmoja, nalala hapa hapa barabarani."

Ana sababu. Mijohoro inayoitia kivuli barabara hii ilipandwa enzi za mkoloni, na sasa inazeeka. Dorotea ndiye anayeziba mapengo kwa miche ya mijakaranda. Lakini mwaka huu kilimo ni cha kufa na kupona, na kila kipande cha ardhi mjini kinatakiwa kutoa chakula. Upande wa juu wa barabara tayari ni mihogo mitupu. Upande wa ziwani, tawi la chama limeamua, utabaki bustani, na maharage katikati yake, ikiwa tu miche itakutwa imesimama leo.

Mwezi uliopita mambo yaliharibika. Dorotea alitandaza kamba kuwaonyesha walimaji mwisho wao, akaenda kuchota maji ziwani. Aliporudi, kamba ilikuwa imefukiwa, na miche pamoja nayo.

"Niliketi chini nikalia, sikufichi," anasema.

Mpiga ngoma, Ndalahwa, hajitetei sana. "Ngoma ikishapamba moto, ndugu yangu, nani anaangalia kamba? Kila mtu anamwangalia jirani yake asimpite!"

Watu walimshauri Dorotea apige marufuku ngoma. Alikataa katakata. Bila ngoma, anasema, Wasukuma wenzake watalima huku wakipiga soga mpaka jua lizame. Aliwapa miche mipya wapande haohao walioifukia ile ya kwanza, na safari hii akaamua kukaa mbele ya ngoma yeye mwenyewe.

"Wakaniuliza, mama, huogopi majembe? Nikawaambia, ninyi ndio mniogope mimi!"

Saa nne anafika mwenyekiti wa tawi, Ndugu Josephat. Anakwenda polepole kutoka mche hadi mche, mikono nyuma. Ndalahwa ameitua ngoma chini, na jasho linamtoka zaidi kuliko alipokuwa akiipiga.

"Haya, mama," anasema mwenyekiti mwishowe. "Yote imesimama. Upande huu ni wako."

Vigelegele! Mwandishi naye anajikuta akipiga makofi. Dorotea hapigi. Ameshageukia upande wa pili wa barabara.

"Na ule, ndugu mwenyekiti?"

"Ah, wewe mama hutosheki! Ule si una mihogo?"

"Naiona. Nitasubiri ikomae," anasema Dorotea. "Ila mkishaing'oa, tafadhali, mashimo msiyafukie."