Mama Alivyochagua Gitaa la Kwaya

Mamangu alimwagia gitaa maji ndani ya duka, hata kabla hatujalinunua.

Miaka ya tisini hiyo, Homa Bay mjini. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kwaya, mimi mpiga gitaa. Macho yangu yalikuwa kwa gitaa la mbao halisi. Kando yake kulikuwa na la plaiwudi, bei ya chini.

Mama akaomba maji ya kunywa. Akapewa kikombe.

Akalimwagia lile la plaiwudi kifuani.

Niliganda, jamani.

Mama akalipangusa kwa leso yake. "Wuoda, mwanangu, piga."

Nikapiga. Likalia.

Akageukia la mbao halisi, kikombe bado mkononi. Mwenye duka akalikumbatia kama mtoto. "Hapana mama, hii itaharibika."

"Basi si yetu. Sisi tunaimba matangani, na mvua haingoji tumalize."

Tukanunua la plaiwudi, nami nikanuna njia nzima mpaka nyumbani Rangwe.

Leo tumemzika. Mvua imekuja katikati ya wimbo, watu wote wakakimbilia hema.

Mimi nimebaki kando ya kaburi na lile gitaa lake. Limelowa chepechepe, na bado linalia.

Nani hapa amewahi kubishana na mamake akashinda?